Askari wa Miguu ya Zambarau

Bi Dozi hakuwa daktari, na hilo alilisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Ila alilisema kwa namna ambayo ukitoka dukani kwake unabaki kujiuliza madaktari wanasomea nini miaka yote ile. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha dawa za mifugo: rafu tatu za mbao, meza iliyochubuka rangi, mizani ya kupimia vifaranga, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyomfuata mpaka kitandani. Miaka ishirini na sita alimsaidia daktari wa mifugo kushika mbuzi wakichomwa sindano. Daktari alipostaafu alimwachia duka, kitabu kinene cha mbwa kisicho na jalada, na karatasi aliyoibandika mwenyewe kwenye rafu ya juu, kwa wino mwekundu: MBWA: ULIZA ASILI KWANZA.

Na Bi Dozi aliuliza, tena kwa raha zake. Jumamosi asubuhi wenye mbwa walijipanga kibarazani, kwa kuwa siku hiyo ushauri ulikuwa wa bure na mdomo wa Bi Dozi haukujua kuchoka. Mwenye kijibwa kirefu cha miguu mifupi alilalamika kwamba bustani yake imekuwa kama machimbo. Bi Dozi akamwambia aache kumchapa mwenzake bure, kwani mababu wa kijibwa hicho walizalishwa kwa kazi ya kuingia mashimoni kuwatoa wanyama, sasa wewe unadhani atafanya nini, atafuma vitambaa? Amtengee kona ya mchanga achimbe huko aridhike. Mwenye mbwa wa manyoya mengi alitaka kumnyoa upara kwa ajili ya joto. Akakatazwa: mbwa wa ukoo wa kuvuta magari ya kuteleza kwenye theluji manyoya yake ndiyo kivuli chake, mpe maji, mpe sakafu ya baridi, mtembeze alfajiri kabla jua halijakasirika. Mifupa ya kuku iliyopikwa, marufuku. Chokoleti na vitunguu, marufuku, hata akikutazama kwa macho ya yatima.

"Ukijua mababu zake walifanya kazi gani," alikuwa akiwaambia, "nusu ya ugomvi wenu umekwisha."

Watu walimtania kwamba hata mende akipita pale ataambiwa ukoo wake. Alicheka nao. Alipenda kujua, na tuseme ukweli maana hayupo hapa kutusikia, alipenda zaidi kuonekana anajua. Ugonjwa huo ndio uliomkosanisha na dada yake wa tumbo moja.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma shemeji yake, mume wa dada, aliingia dukani ameshika kifua. Bi Dozi alimsikiliza dakika mbili tu. Gesi hiyo, shemeji, alimwambia, punguza kula usiku, na akampa vidonge vya kutafuna. Siku ya tatu shemeji akaanguka bafuni. Ulikuwa moyo. Huenda hata hospitali wasingemwokoa, nani ajuaye, lakini siku mbili zile za kutafuna vidonge hakuna aliyeweza kuzirudisha. Msibani dada mtu hakupiga kelele wala hakumtukana. Alisema tu, mbele ya watu wote, "Wewe unajua kila kitu." Tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Shemeji aliacha mbwa. Alimnunua mwezi mmoja kabla ya kufa, kutoka kwa muuzaji aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Pasipoti. Jina hilo alilipata kwa sababu kila kijibwa alichouza alikiandikia kadi yenye muhuri: jina, siku ya kuzaliwa, asili. Shemeji alitaka mlinzi, kwa hiyo akamwita Askari. Haya, jina lilikuwa kubwa kuliko mwenyewe. Askari hakuwahi kumbwekea mwizi wala mgeni, ngurumo zikianza aliingia chini ya kitanda, na kazi pekee aliyojipa ilikuwa kumfuata mke wa marehemu kila anapokwenda. Hiyo ikawa bahati, kwa sababu macho ya dada yalikuwa yanakwisha kwa presha ya macho. Alikuwa akiuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alimshika mbwa mkanda, na mbwa, bila kufundishwa na mtu yeyote, alimzunguka, akimsukuma kwa bega kila alipokaribia ukingo, akimrudisha kila alipopotea upande. Watu walisema mbwa yule ana akili ya binadamu. Mwanamke yule, ambaye angeweza kuwa amejifungia ndani akisubiri giza, alikuwa bado anakwenda sokoni na kupeleka vitambaa vyake vya kufuma kwa fundi cherehani upande wa pili wa barabara kuu.

Basi Jumanne moja simu ya Bi Dozi ikalia. Aliliona jina, akaketi kwenye gunia la pumba kabla ya kupokea. Dada yake hakusalimu sana. Alisema Askari anajikuna mpaka anatoka damu, manyoya yanapukutika, na katikati ya vidole vya miguu kumechimbika vidonda. Kisha akasema hana mwingine wa kumuuliza. Bi Dozi alimwambia apake dawa ya zambarau kwenye vidole, na amlete Jumamosi mapema. Siku tatu zilizofuata alisugua sakafu ya duka kana kwamba anamsubiri mkwe.

Jumamosi saa mbili kasoro asubuhi, dada akatokea kibarazani, na mbele yake Askari. Miguu yake yote minne ilikuwa zambarau mpaka magotini. Dada, ambaye hakuona vizuri anapomwagia, alimaliza chupa nzima. Bi Dozi alijaribu kuzuia kicheko kikamshinda, na dada akauliza kwani amepaka vibaya, naye akajibu hapana, dada, ila umejipaka na wewe mwenyewe, tazama viwiko. Dada akacheka. Jamani, miaka miwili! Bi Dozi aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu ili apanguse macho.

Ulikuwa ukurutu, hilo lilionekana wazi. Dawa aliijua. Ilikuwa ile ya maji ya kuulia minyoo na upele wa kondoo, na kwa mbwa wengi aliwahi kuitumia kwa kipimo kidogo wakapona wakawa wanang'aa. Ilikuwa kwenye rafu ya juu, chini kabisa ya ile karatasi ya wino mwekundu. Akauliza kama alivyouliza siku zote: asili yake? Dada akafungua mkoba, akatoa kadi ndani ya mfuko wa nailoni, ameitunza kama cheti cha ndoa. Bi Dozi akaisoma kwa sauti: "Asili: ukoo wa mbwa wakubwa waliolinda malango ya wafalme." Na muhuri juu yake.

Wakati anasoma, Askari alikuwa amezunguka kibaraza mara tatu, akawasukuma wateja wanne waliokuwa wamesimama ovyo mpaka wote wakabanana kwenye kona ya magunia. Watu wakaangua kicheko. Bi Dozi naye alicheka, akasema askari kweli huyu, ameshatukamata. Kisha akapima dawa, akaichanganya na kipande cha ini, na mbwa akalamba mpaka kibakuli kikasogea. Dada alimshika mkono wakati wa kuaga. Bi Dozi alibaki na joto la mkono ule kwenye kiganja asubuhi nzima.

Saa tano na robo Pasipoti akaingia, kofia kichwani, kikapu cha vijibwa mkononi, anataka dawa ya minyoo. Bi Dozi siku hiyo alikuwa na moyo mweupe hata kwa Pasipoti. Akamtania kwamba mbwa wake wa malango ya wafalme alikuja asubuhi, na kama wafalme walilindwa na waoga wa namna ile, haishangazi hawapo tena. Pasipoti akacheka mpaka akaweka kikapu chini.

"Wafalme wapi, Bi Dozi. Mama yake nilimchukua kwenye shamba la kondoo kule milimani. Koli yule. Shemeji yako alitaka mlinzi, nikamwandikia mlinzi. Mteja anataka nini, nami naandika."

Bi Dozi alikuwa ameshika chupa. Akaiweka mezani taratibu sana.

"Miguu ya Askari," akauliza. "Rangi gani?"

"Myeupe yote minne. Kama kavaa soksi."

Kwenye kitabu kisicho na jalada, ukurasa alioujua kama kiganja chake, daktari alikuwa amepiga mstari mara mbili: mbwa wa kuchunga kondoo, wa ukoo wa koli na jamaa zake, wengi wao wana kasoro ya kurithi. Dawa ile, ambayo kwa mbwa wengine inaishia tumboni na kwenye ngozi, kwao inapenya mpaka kwenye ubongo. Mtu anayeona miguu myeupe kwa mbwa wa mchanganyiko anapaswa kusimama na kufikiri. Na yeye, ambaye miaka miwili hakukanyaga kwa dada yake, miguu hiyo hakuiona, kwa sababu ilikuwa zambarau, na zambarau hiyo aliiagiza mwenyewe kwa simu siku ya Jumanne.

Alipiga simu ya dada. Imezimwa. Bila shaka imezimwa, dada alikuwa akiizima ili chaji isiishe, kana kwamba chaji ni ya urithi. Akapiga tena, na tena. Kisha akampigia daktari mzee, na alipoisikia tu sauti yake akaanza kusema kila kitu kwa mkupuo, dawa, kipimo, ini, koli, soksi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asili uliuliza?"

"Niliuliza, daktari."

"Ulimuuliza nani?"

Bi Dozi aligeuka akaitazama ile kona ya magunia. Wateja wanne walikuwa wamebanwa pale asubuhi ileile, na yeye alikuwa anasoma karatasi.

Daktari hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alimwambia ampeleke mbwa kwenye kliniki ndogo ya wanyama karibu na soko, yeye anaondoka nyumbani sasa hivi, saa mbili njiani. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna. Kuna kumshikilia mnyama mpaka imtoke yenyewe, kama itamtoka. Akamuuliza imepita saa ngapi. Saa tatu na zaidi. Basi dalili zinaweza kuanza wakati wowote, akasema daktari. Mate, kupepesuka, na macho. Wengine macho yanaondoka kabisa.

Macho. Bi Dozi alitazama saa ukutani. Jumamosi, kabla ya saa sita, dada yake hupeleka vitambaa kwa fundi cherehani. Anapita penye mtaro mpya, ule mrefu kuliko mtu, ambao mafundi wameuwekea mbao mbili za kuvukia. Kisha anavuka barabara kuu. Na anayemwongoza sasa hivi ni mbwa anayepofuka.

Alitoka mbio na aproni yake. Duka alimwachia Pasipoti, mtu ambaye siku nyingine asingemwachia hata ufagio.

Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na tatu, mwenye goti bovu, na kandambili si viatu vya kukimbilia. Alikimbia hivyohivyo. Kandambili moja ikakatika mbele ya kinyozi, akazivua zote mbili akazishika mkononi. Watu waliomsalimu hakuwaitikia, wakamtazama kwa kushangaa, kwani Bi Dozi kupita mtu bila neno haikuwahi kutokea. Kichwani alikuwa anapiga hesabu, saa tatu, saa tatu na nusu, ini lilikuwa tumboni tupu au mbwa alikuwa amekula, kwa nini hakuuliza kama amekula. Mungu wangu, alikuwa akisema, mchukue huyo mbwa kama lazima, lakini si kwenye mtaro, si na dada.

Mlango wa dada ulikuwa na kufuli. Jirani, mwanamume aliyefuga mabata, alikuwa anafagia uani. Alisema ametoka muda si mrefu na huyo mbwa wake. Kisha akaanza, kama kawaida yake, kulalamika: kila asubuhi mbwa yule anakuja kuwakusanya mabata wake, hawaumi, hawali, anawazungusha tu mpaka wote wanaingia bafuni, ukifungua mlango uoge unakuta mabata thelathini wanakutazama. Nimemwambia dada yako siku moja nitamwekea sumu, akasema. Bi Dozi alimwangalia kama mtu aliyezabwa kofi. Mabata thelathini bafuni. Hata mwenye mabata, asiyejua kusoma kitabu cha mbwa, alikuwa akiiona asili ya mnyama yule kila siku kwa macho yake. Akageuka akakimbia tena.

Aliona watu kabla hajaona mtaro. Walikuwa kama kumi hivi, wamesimama duara karibu na rundo la tofali. Akawasukuma. Dada yake alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mzima, vitambaa vyake vimetawanyika, na Askari amelala kwa ubavu juu ya miguu yake. Mate yalimtoka mdomoni kwa uzi mrefu. Macho yalikuwa wazi, meusi yote, mboni zimemeza rangi. Alikuwa anatetemeka kuanzia masikioni mpaka kwenye zile soksi za zambarau.

Fundi mwashi mmoja alieleza. Alimwona mbwa anakuja anayumba kama mlevi. Walipofika kwenye mbao, mama akataka kupita, mbwa akakataa. Mama akavuta mkanda, mbwa akaanguka, akainuka, akajigonga kichwa kwenye tofali kama haoni, kisha akaja kwa mama akamsukuma tumboni kwa kichwa, akamrudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka akakaa chini. Ndipo akamlalia miguu. "Bila yeye," fundi akasema, "tungekuwa tunamtoa mama mtaroni."

"Ni sumu," mtu akasema, na wengine wakaitikia. Dada alikuwa akipapasa kichwa cha mbwa, anatafuta masikio. Sauti yake ilikuwa kavu. Alisema ni yule wa mabata. Aliapa. Aliapa mbele yangu kwamba atampa sumu. Vijana wawili waliposikia hivyo wakashikana mikono, mmoja akaokota kipande cha mti, twendeni tukamuulize.

Sasa hapo. Hapo pana jambo ambalo Bi Dozi hakuwahi kumweleza mtu, lakini nitalisema. Kwa muda wa pumzi mbili tatu alinyamaza. Pale mtaroni hakuna aliyejua. Pasipoti asingesema, kwani kadi ya uongo ilikuwa yake. Daktari angenyamaza kama angeombwa. Mwenye mabata angechapwa makofi mawili, angeapa, asingeaminiwa, na mkono wa dada ungebaki ndani ya mkono wake. Alikuwa ameusubiri mkono huo miaka miwili. Akamtazama yule kijana mwenye mti, akamtazama dada yake aliyeinua uso upande ambao Bi Dozi hakuwepo, akimtafuta anayehema karibu naye.

"Si mwenye mabata," akasema. "Ni mimi, dada. Dawa niliyompa asubuhi haimfai mbwa wa ukoo wake. Nilisoma kadi, sikumtazama mwenyewe."

Kijana akatupa mti. Dada hakugeuka. Mkono uliokuwa ukipapasa ulisimama kwenye sikio la mbwa, ukabaki hapo.

"Wewe tena," dada akasema.

Hilo tu. Bi Dozi angependa atukanwe.

Walimpakia mbwa kwenye toroli la fundi mwashi, juu ya mifuko ya saruji, na fundi akasukuma. Dada alitembea akishika ukingo wa toroli. Bi Dozi alitaka kumshika kiwiko, dada akakivuta. Basi akatembea upande wa mtaro, hatua moja nyuma, tayari kumdaka, mpaka wakafika kliniki.

Daktari mzee aliingia ameloa jasho, akavua koti. Wakampa mkaa wa dawa, wakamtundikia dripu, wakamlaza kwenye godoro jembamba katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja na sinki lililovuja. Kufika jioni Askari hakusikia tena jina lake. Alikuwa anapumua, basi. Daktari alieleza kazi iliyobaki, na haikuwa kazi ya kitabuni: kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache asije akapata vidonda, kumfunika asipoe, kumpanguza, na kumtia mafuta machoni kwa sababu hapepesi, macho yatakauka. Inaweza kuchukua siku, hata wiki kadhaa. Au asiamke kabisa.

Dada aliketi sakafuni kando ya godoro na hakutoka. Bi Dozi aliketi mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, kwani hakuna aliyemwambia aingie na hakuna aliyemwambia aondoke. Dada alimgeuza mbwa mwenyewe, alimpanguza mwenyewe, kwa vidole. Lakini mafuta ya macho yalimshinda. Alijaribu mara tatu, yakaenda puani. Mwishowe akasema, akiutazama ukuta, "Mtu wa dawa ya macho aje." Bi Dozi akaja, akapiga magoti, akatia mafuta, akarudi kitini. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Mtu wa dawa ya macho aje. Aliitikia wito huo mara sita kwa siku kama mtumishi mpya, na kila alipoinama aliziona zile mboni nyeusi na akajua kwamba hazimwoni.

Kila pumzi ya mbwa aliisikia. Ilipochelewa, na yeye aliacha kuhema. Duka lilikuwa limefungwa, na watu walipita kliniki kuuliza: kijibwa changu kinakohoa, wangu amekula sabuni. Aliwaelekeza ndani kwa daktari. Mmoja alimwuliza huyu mbwa wangu ana asili gani unadhani, naye akajibu sijamtazama, na yule mtu akaondoka ameduwaa.

Siku ya nne Askari alipata degedege. Miguu ilipiga godoro kama anakimbia ndotoni, daktari akamchoma sindano, na ilipotulia chumba kilibaki kimya, ni sinki tu linadondoka. Dada alikuwa amemkumbatia shingo. Alisema, polepole, bila kuutazama ukuta safari hii:

"Atapona?"

Swali lilimwelekea Bi Dozi, daktari alikuwa ametoka kunawa. Na majibu alikuwa nayo, tele, yalimjaa mdomoni kama zamani: atapona, dada, mbona nimeona wengi, umri wake mdogo, moyo wake una nguvu. Aliyameza yote. Yalimkwaruza yakishuka.

"Sijui, dada," akasema. "Sijui kabisa."

Dada akageuza uso. Alikisogeza kichwa huku na huko kama anavyofanya anapotafuta kitu kwa lile tundu lake dogo la mwanga, mpaka akampata mlangoni. Alimtazama muda mrefu. Kisha akarudi kwa mbwa wake. Lakini zamu iliyofuata aliita, "Mdogo wangu, mafuta."

Siku ya sita, adhuhuri, mkia ulitingishika. Mara moja. Bi Dozi alidhani ni upepo wa dirishani, akaogopa kusema. Baada ya saa moja Askari aliinua kichwa, kikamwangukia, akakiinua tena. Jioni ile alilamba maji kidoleni mwa dada. Daktari alionya wasifurahi haraka, macho bado hayajarudi, huenda yakarudi, huenda yasirudi yote.

Kesho yake asubuhi mbwa alisimama. Miguu minne ilitanuka kila mmoja ukienda kwake, zambarau imeanza kufifia na chini yake weupe ukichungulia. Dada alinyoosha mikono kumshika. Askari alinusa hewa. Akamzunguka dada mara moja, akijigonga kwenye ukuta, kwenye sinki, kwenye ndoo, lakini alimzunguka mpaka mwisho. Wote walidhani atalala. Hakulala. Alisimama akinusa upande wa mlango, akaenda huko akiyumba, bega likikwaruza ukuta, mpaka akafika kwenye kiti cha plastiki.

Bi Dozi hakuthubutu kusogea. Alihisi pua yenye unyevu kwenye goti lake bovu, kisha meno, mepesi sana, kwenye kisigino. Akainua mguu. Mbwa akambana kisigino cha pili. Akasimama, kwani hakuwa na la kufanya, na Askari akamsukuma nyuma ya magoti kwa kichwa kile kilichokuwa bado kizito, hatua moja, akapumzika akihema, hatua ya pili, akapumzika, mpaka Bi Dozi akafika penye godoro na akaketi sakafuni, bega kwa bega na dada yake. Hapo ndipo mbwa alipozunguka mara moja tena, wote wawili safari hii, akajitupa mbele ya miguu yao.

Bi Dozi alikuwa analia bila sauti. Alijitahidi kuinuka ili asimbane dada, ili arudi kwenye kiti chake. Mbwa akainua kichwa, masikio yakasimama.

Dada akamshika mkono, akamvuta chini.

"Kaa hapo," akasema. "Usimpe mgonjwa kazi ya kukufuata tena."